Kila nikianza mazoezi naishia wiki ya pili, nakosea wapi wakuu?

raba_kabatini:
Wakuu habari zenu. Mi zamani nilikuwa nakimbia kilomita 10 mara 4 kwa wiki na nikirudi naendelea na shughuli zangu kama kawa, afu kazi ikabana nikaacha, ikawa mwezi, ikawa mwaka, sasa ni mwaka wa tatu. Mwaka huu peke yake nimeanza upya mara 5, nimehesabu. Kila mara ni yale yale: Jumatatu naamka saa 11 alfajiri na moto wa ajabu, napiga kilomita 6, nafika nyumbani nusura nitapike, kesho yake ngazi nashuka kinyumenyume, Jumatano nalazimisha, wiki ya pili ugoko unauma hatari, nakosa siku mbili basi nasema ntaanza Jumatatu ijayo na hiyo Jumatatu ndo haijawahi kufika. Raba nimenunua mpya eti zinipe hamasa, ziko kabatini zinanitizama. Nasikia ukivumilia siku 21 inakuwa mazoea, mi hata hizo 21 sijawahi kuziona. Ni nidhamu sina au? Naombeni ushauri ila msiniambie "jitume", hiyo nishajiambia sana.

mzee_wa_polepole:
Mkuu nidhamu unayo, mtu wa kuanza mara 5 kwa mwaka sio mvivu. Shida unakimbia kwa kumbukumbu. Kichwa kinakumbuka kilomita 10, mwili hizo habari hauna.

Na kuna mtego hapa ambao na mimi ulinikamata vibaya. Ukirudi baada ya muda mrefu pumzi inarudi haraka, misuli nayo inarudi haraka kuliko ya mtu ambaye hajawahi kufanya kabisa, ila kano na mifupa vinachelewa. Kwahiyo wiki ya pili unajiona chuma, unaongeza, kumbe huko chini ugoko unalia. Mi niliongeza nikakaa miezi miwili naangalia wenzangu wakipita dirishani.

Fanya hivi: tembea haraka dakika 5 upashe mwili, afu kimbia sekunde 60 tembea sekunde 90, rudia mpaka dakika 20 ziishe, mara 3 tu kwa wiki. Ndo wiki ya kwanza ya Couch to 5K, ile programu ya wiki 9 ya kumtoa mtu kwenye kochi mpaka akimbie kilomita 5. Utajisikia mjinga, utapitwa na watu wazima wanaotembea, we waache wapite. Kipimo ni mdomo wako: ukiweza kuongea sentensi nzima uko sawa, ukikatika katikati umezidisha.

Misuli kuuma kesho na keshokutwa ni kawaida, inaisha yenyewe. Ila kama ni mfupa na ukibonyeza sehemu moja unaruka, pumzika upone kwanza. Na kifua kikibana au ukasikia kizunguzungu simama hapo hapo nenda kwa daktari, usije huku kutuuliza.

msoma_utafiti:
Hiyo ya siku 21 naomba tuizike. Ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa kurekebisha sura, mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walikuwa wanachukua kama siku 21 hivi kuzoea sura mpya kwenye kioo. Sura jamani, sio mbio! Watu wakaibeba mpaka leo.

Watafiti wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, matokeo yakatoka 2009. Wastani ulikuwa siku 66 kitu kuwa mazoea, ila kuna wa siku 18 na kuna waliokadiriwa mpaka 254. Na inayokuhusu wewe hasa ni hii, kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wewe kinachokuua sio zile siku mbili ulizokosa, ni kusubiri Jumatatu.

mama_wa_wawili:
Mi naomba nipingane na habari ya saa 11 alfajiri kidogo. Nani kasema lazima alfajiri? Nilihangaika na hiyo alamu mwaka mzima, nilichopata ni usingizi wa mchana na hasira kwa watoto. Saa hivi nimefunga mazoezi yangu kwenye kitu ambacho nafanya kila siku nitake nisitake, nikishabandika maji ya chai napiga skwati mpaka yachemke. Basi. Nilianza na 5, kweli 5, mume wangu alicheka sana. Saa hivi nisipopiga najisikia kama nimesahau kupiga mswaki. WHO wenyewe kwenye mwongozo wao wa 2020 walishaondoa ile habari ya lazima ufululize dakika 10 ndo ihesabike. Lengo la dakika 150 kwa wiki lipo palepale ila unaweza kulikusanya vipande vipande.

kijana_wa_kona:
Vidogo vidogo mi vilinishinda, navisahau. Kilichonibeba ni jamaa yangu ananisubiri nje, na ana mdomo huyo, nisipotokea nasemwa wiki nzima. Aibu inafanya kazi wakuu 😂

raba_kabatini:
Nimerudi. Nimetoka leo, ni Alhamisi, sijasubiri Jumatatu. Nimekimbia sekunde 60 mara kumi, kila moja nikifuatisha 90 za kutembea, yaani zile za mwanzo nilikuwa naona kama utani, nikataka kuunganisha mbili, nikamkumbuka mzee hapo juu nikatembea. Bibi mmoja na mkongojo alinipita nikiwa natembea, tukasalimiana. Nimefika nyumbani sijachoka na ndo kinachonishangaza, natamani kesho niende tena. Sasa siku za katikati nikae tu au?

mzee_wa_polepole:
Kesho usikimbie! Hiyo hamu iache ikae mpaka Jumamosi. Katikati tembea tu, na mara 2 kwa wiki simama kwa vidole panda shuka mara 15 ukishika ukuta, huo ugoko unahitaji. Na kumi umezitoa wapi, dakika 20 ni mizunguko 8. Ushaanza kuongeza mkuu.

raba_kabatini:
Hahaha nimekamatwa.