Mnaouza "soksi za tairi" kwenye magrupu ya diaspora, acheni kuwadanganya watu wasioijua theluji

Wakuu, salaam. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na zile za "vifaa vya gari bei poa". Hapa hakuna kinachouzwa.

Novemba ikiingia tu, magrupu ya WhatsApp ya ndugu zetu walioko Denver, Seattle na Munich yanajaa tangazo lilelile la vitambaa vya kuvalisha tairi ili gari lisiteleze kwenye theluji: "Soksi za tairi, saizi moja magari yote, hazichakai, kimbia hadi 80, sahau tairi za winter." Mstari mmoja, uongo mara nne! Na mnunuzi ni nani? Mtu aliyetua juzi kutoka Bujumbura au Mombasa, hajawahi kugusa usukani kwenye theluji, na zamu yake ghalani inaanza saa kumi na moja alfajiri. Mnajua hajui, ndiyo maana mnamuuzia.

Kifaa chenyewe si utapeli. Soksi halisi zilianzia Norway miaka ya 1990. Ni kitambaa cha nyuzi imara, poliesta au jamii yake, chenye mpira wa kuvutika pande zote mbili, nje na ndani, na kinavalishwa kwenye tairi zinazovuta gari. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, kinachofanya gari liteleze ni utando mwembamba wa maji kati ya raba na theluji. Kitambaa kinaufyonza utando huo, halafu punje za theluji zinanasa kwenye nyuzi, ikawa theluji inashika theluji. Basi. Hakuna chuma wala meno. Ndiyo maana ukitoka kwenye theluji ukaingia lami tupu yenye chumvi na kokoto, kitambaa kinakwanguliwa kama karoti kwenye kikwaruzo.

Sasa hiyo "saizi moja". Soma ubavu wa tairi yako. Imeandikwa, tuseme, 205/55 R16: upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya huo upana, rimu inchi 16. Tairi hiyo ina kipenyo cha milimita 632 hivi. Chukua 215/65 R16, rimu ileile, kipenyo ni kama milimita 686. Tofauti ni zaidi ya sentimita 5, na wewe unamwambia mtu kitambaa kimoja kitakaa zote mbili? Kikipwaya kinahama upande, na upindo wa ndani unaanza kusugua paipu ya breki na waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki). Kikibana hakivuki bega la ndani la tairi, kwa hiyo kona ya kwanza kinachomoka. Muuzaji anayejua kazi yake anakuuliza namba ya tairi kabla ya kukutajia bei.

Spidi 80 mmeitoa wapi? Kikomo cha soksi ni kilomita 50 kwa saa, maili 30 kwa walioko Marekani. Tena hiyo ni spidi ya tairi yenyewe, na hapa wengi hawaelewi. Gari lenye difu ya kawaida (gia zinazogawa nguvu kwa tairi ya kushoto na ya kulia) likikwama, tairi moja ikisimama na nyingine ikazunguka hapohapo, dashibodi inaonyesha wastani wa zote mbili. Ukiona 30, ile inayozunguka iko kwenye 60. Soksi nyingi zinakufa hapo, gari halijasogea hata mita mbili, kwa sababu dereva kakanyaga mafuta hadi sakafuni. Kisha anarudi grupuni kulaani kifaa. Ninyi mnaoandika "takataka, imechanika siku ya kwanza" baada ya kuzungusha tairi au kupita nazo lami kavu, nanyi uzi huu unawahusu.

"Hazichakai" sina hata cha kusema. Ni kitambaa chini ya tani moja na nusu ya chuma.

Uongo ulio mbaya kuliko yote ni huo wa kusahau tairi za baridi. Soksi zinauzwa jozi. Gari linavutwa na tairi za mbele, umezivalisha mbele. Nyuma umebakiza tairi za kiangazi, ambazo raba yake inaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Kupanda mlima utapanda vizuri tu. Ngoja mteremko. Unagusa breki kwenye kona, mbele panashika, nyuma hapashiki, mkia unakuja kukupita. Ukitaka soksi kwenye mteremko mkali, valisha zote nne, au tafuta tairi za baridi na soksi zibaki kwenye buti kwa dharura. Na tairi kipara ni kipara hata uivike kanzu.

Sheria nazo mnazipindisha. Ufaransa, tangu tarehe 1 Novemba 2021, kila mwaka kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31, kwenye maeneo ya milima yaliyowekewa alama, gari liwe na tairi nne za baridi au libebe cheni au soksi za kutosha angalau tairi mbili zinazovuta. Tangu Novemba 2024 tairi ya baridi inayohesabika ni yenye nembo ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi tena. Colorado, barabara ya I-70 kati ya Dotsero na Morrison, masharti ya tairi na vifaa vya theluji yanadumu kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, na hali ikichafuka kabisa wanaweza kudai cheni au mbadala ulioidhinishwa kwa kila gari dogo. Soksi zinakubalika hapo, ila ni zilizoidhinishwa, siyo shuka la nailoni. Ukifunga barabara kwa sababu hukujiandaa, faini inapita dola 500. Muuzaji wako hatakuchangia hata senti. Na kilichokubalika Colorado usidhani kimekubalika jimbo la jirani. Angalia orodha ya huko unakokwenda.

Ukinunua Ulaya, tafuta EN 16662-1 kwenye lebo. Hiki ndicho kiwango cha mwaka 2020 cha vifaa vya kuongeza mshiko kwa magari madogo, soksi zikiwemo. Hakuna namba, hakuna jedwali la saizi, mpira uko upande mmoja tu? Rudisha.

Na kwa kuwa wauzaji hawafundishi kuvalisha, hivi ndivyo. Fanya zoezi nyumbani, mchana, pakavu. Siku yenyewe, simama pa tambarare nje ya njia, washa taa za hatari, vuta hendibreki. Anza juu ya tairi: ingiza kitambaa nyuma ya bega la ndani, kishushe pande zote mbili kadiri mkono unavyofika. Sehemu ya chini iliyokaliwa na gari iache. Rudi garini, sogea polepole nusu mzunguko wa tairi, kama mita moja, simama, hendibreki tena, kisha malizia sehemu iliyobaki. Jeki haihitajiki. Isipokaa sawasawa katikati usihangaike, inajiweka yenyewe ukianza kutembea. Ondoka kwa mafuta kidogo sana. Ukifika lami tupu, simama pa salama uzivue.

NYONGEZA, kwa maswali yaliyokwisha kuingia:

Tairi za misumari (zenye vichuma vilivyopachikwa kwenye raba ili zishike barafu): usivalishe, misumari inatoboa kitambaa kabla hujafika mbali.

Kulala nazo: hapana. Zimelowa, usiku zinaganda na kushikana na ardhi, asubuhi unazichana mwenyewe kwa kuondoa gari. Zivue, suuza chumvi na mchanga, anika zikauke kabisa kabla ya kuzifungia kwenye buti.

Barafu tupu: zinasaidia kuliko raba peke yake, ila cheni za chuma ziko mbele. Faida ya soksi ni kwenye magari ambayo nafasi kati ya tairi na shokomzoba haitoshi cheni. Kitabu cha gari kinasema, soma.

Aliyeuliza kama anaweza kumtumia kaka yake Kigoma jozi mbili kwa ajili ya matope ya masika: mkuu, hapana. Matope yanaziba nyuzi zote na kitambaa kinakuwa utelezi mtupu. Mtumie hela anunue tairi zenye kashata.