Naomba ushauri: Nikon D40 ya CCD au D90 ya CMOS kwa picha za watu ufukweni?

Wakuu, habari za Mwanza. Natafuta kamera ya mtumba ya kupigia picha za watu pale Jiwe la Bismarck, kuanzia saa 11 jioni mpaka jua linazama. Mezani zipo mbili: D40 ya 2006, CCD ya megapikseli 6, na D90 ya 2008, CMOS ya 12.3 (CCD na CMOS ni aina mbili za sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera).

Ile ya "CCD ina rangi za filamu" nimeisikia sana, sishawishiki. Sensa yenyewe haijui rangi, inahesabu mwanga tu. Rangi zinatokana na vichujio vilivyo juu yake na programu inayokokotoa. Kwa hiyo msinitumie JPEG, ambayo kamera imeshaikokotolea rangi. Mwenye faili za NEF (faili ghafi za Nikon) za kamera zote mbili, lenzi ileile, ISO 200, mizani ya weupe 5200K kwenye programu, kadi ya kijivu ya kulinganishia rangi ndani ya fremu: ngozi ya maji ya kunde kwenye jua la machweo bado inatofautiana?

Kinachonivuta kwa D40 ni fleshi kwenda na shata ya 1/500, wakati D90 inaishia 1/200. Anga la ziwani linang'aa mno, na shata ya kasi inalipunguza huku fleshi ikimulika uso. Ila kwenye CCD ya D40, jua likiingia kwenye fremu, chaji inafurika na kuacha mstari mweupe wa wima juu ya uso wa mtu. Mnaukwepaje, zaidi ya kulificha jua nyuma ya jiwe?

Halafu D40 haina mota ya fokasi, na lenzi niliyonayo ni 50mm f/1.8D, ambayo nayo haina mota yake. Fokasi ya mkono kwenye f/2 (tundu la lenzi likiwa wazi sana, sehemu inayoonekana kali ni nyembamba), kupitia kioo kidogo kile, inawezekana kweli?