Wauza mkorogo wa Kigoma, tuacheni wanawake wa 45+ na sura zetu!

Wanajamvi, salamu kwenu. Hili jambo la kuuziwa mkorogo, yaani krimu za kuchubua ngozi, limenifika shingoni. Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aje kuniambia nitulie.

Mimi ni mama wa miaka 48, mkazi wa Gungu hapa Kigoma, mwalimu wa baiolojia sekondari. Nina afya, nina kazi, watoto wamekua. Asubuhi nanawa, napaka mafuta, naenda shule. Sijawahi kuamka nikajiona nimeharibika. Habari kwamba nimeharibika huwa naletewa na watu. "Mwalimu mbona umechoka hivyo?" "Dada, umejiachia sana siku hizi." "Ungepaka kitu hapo chini ya macho." Na wale wanaodhani wananisifu: "Mama, wewe huonekani una mtoto chuo!" Kwani kuonekana nina mtoto chuo ni aibu? Nimemlea, nimemsomesha, nimemfikisha. Kwa nini sura yangu ifiche kazi hiyo?

Sasa kisa chenyewe. Juzi niliingia duka moja la vipodozi maeneo ya Mwanga kununua glisarini. Glisarini tu. Binti wa dukani, umri wa wanafunzi wangu wa kidato cha nne, akawasha tochi ya simu akanimulika usoni mbele ya wateja wengine. "Mama, ngozi imekufa hii. Hapa pembeni ya mdomo pameshalegea. Nikupe seti ya kurudisha ujana." Akatoa kopo jeupe la plastiki lisilo na jina, tarehe wala mtengenezaji. Ndani kitu kizito cha rangi ya waridi. Nikamuuliza kimetengenezwa na nini. "Ni mchanganyiko mama, unatoka ng'ambo ya ziwa." Bei, shilingi 45,000. Nikauliza tena, mchanganyiko wa nini? Mwenye duka akadakia kutoka nyuma: "Wenzio wanachukua hawaulizi, na waume zao wametulia."

Kauli hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Mwanamke mzima anatishwa kwanza na uso wake mwenyewe, ikishindikana anatishwa na mume wake, halafu anauziwa kitu ambacho muuzaji mwenyewe hawezi kusema ni nini.

Basi mimi nitasema, maana nafundisha mambo haya. Makopo ya namna hii mara nyingi huwa na moja kati ya vitu vitatu, au vyote kwa pamoja: haidrokwinoni, zebaki, na steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) kama klobetasoli. Haidrokwinoni inazuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi yake ya asili. Ukiitumia muda mrefu inaweza kukugeuka, ukatoka madoa ya rangi ya bluu iliyoiva kuwa nyeusi, na madoa hayo kuyaondoa ni shida kubwa. Zebaki inapenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Steroidi inafanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa midogo inaonekana na mchubuko mdogo unachelewa kupona. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba vipodozi vyenye zebaki mwisho wake uwe 2025. Hapa kwetu usimamizi wa vipodozi uko TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, ulipotolewa kwa iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa). Mkorogo umepigwa marufuku miaka na miaka. Na bado upo kaunta, jirani na sabuni za watoto.

Kinachonichoma zaidi ni huu uongo wa "kurudisha ujana". Melanini ndiyo inayotukinga na jua, na jua ndilo linaloongoza kwa kuleta makunyanzi mapema. Ngozi nyeusi huchelewa kukunjamana kuliko nyeupe kwa sababu hiyo hiyo. Tuko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, jua la Kigoma mnalijua. Nendeni Kibirizi saa saba mchana mkawaone akina mama wanaogeuza dagaa mchangani. Halafu mtu anamwambia mwanamke wa hapa aondoe kinga yake ili asizeeke!

Kuna mama mmoja namfahamu, muuza mawese. Sitasema anakaa wapi. Alianza kupaka baada ya wifi yake kumwambia kwamba mumewe "ameanza kuangalia pembeni". Hela ya kopo la kwanza aliitoa kwenye mkopo wa vikoba, mkopo uliokuwa wa kuongezea mtaji. Leo ukimkuta anamimina mawese kwenye chupa, tazama mikono: vifundo vya vidole vyeusi tii, viganja vina wekundu. Mashavu yana vimishipa vinavyoonekana kwa macho, na juu ya mifupa ya uso madoa yameshaanza kutoka. Jua likipanda anavuta kitenge kufunika uso kwa sababu unawaka moto. Anahudumia wateja akiwa amejifunika hivyo hivyo, jicho moja nje.

Nilipokaa naye hakulilaumu duka, wala wifi. Aliniambia, "Mwalimu, nadhani nilichelewa kuanza."

Jamani. Nilishindwa kujibu.

Ndiyo maana nasema tatizo haliishii kwenye ngozi. Mtu akiambiwa kila siku kwamba amechakaa, mwishowe anajitazama kwa macho ya wanaomwambia. Na ukweli ni kwamba binadamu wengi hawajioni wazee kiasi hicho. Mwaka 2006 wanasaikolojia David Rubin na Dorthe Berntsen walichapisha utafiti uliofanyika Denmark: watu waliovuka miaka 40, kwa wastani, hujisikia wadogo kwa karibu asilimia 20 kuliko umri wao halisi. Mimi na miaka yangu 48, ndani najisikia wa 38, na wengi wetu ndivyo tulivyo. Anayetuzeesha ni tochi ya simu. Halafu mtafiti Becca Levy na wenzake, 2002, walifuatilia watu 660 wa mji mdogo wa Ohio, Marekani, wenye miaka 50 na kuendelea. Waliokuwa na mtazamo mzuri juu ya kuzeeka kwao waliishi miaka 7.5 zaidi ya wenye mtazamo mbaya, hata baada ya kuzingatia afya na hali ya uchumi wao. Kwa hiyo mkimwambia mama wa watu "umekwisha" msidhani ni maneno matupu yanayopita na upepo.

Na kuna jambo ambalo wanawake wa umri wetu tunalihitaji kweli na hakuna anayetuambia: kukoma hedhi. Kwa wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inashuka, na katika miaka 5 ya mwanzo ngozi inapoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni yake, protini inayoipa uimara. Ndiyo maana uso unakauka ghafla, nywele zinapungua, moto unakupanda kifuani katikati ya kikao na unatoka jasho watu wakikutazama. Ni mwili unabadilika, si uzembe wala kujiachia. Nani anatufundisha hayo? Kwenye kitchen party tunafundisha mabinti mpaka usiku namna ya kumtunza mume, ila mwanamke wa miaka 49 asiyelala usiku kwa joto anaachwa ahangaike peke yake, na wa kwanza kumpa jibu ni muuza kopo. Hii inanikasirisha kuliko hata lile duka.

Wanaume sitawaongelea sana. Ofisini kwetu yupo mwenye umri wangu kabisa, ana kipara na kitambi, mvi mpaka kwenye ndevu, anaitwa "mzee wa busara". Mvi zangu mimi nimeulizwa kama piko imeadimika.

Ila wanawake wenzangu nitawaambia. Wifi ni mwanamke. Mwenye duka ni mwanamke. Mwezi uliopita tulikuwa na send-off ya binti wa mwenzetu. Picha zikarushwa kwenye grupu la kamati, na sisi akina mama watu wazima wote tumesafishwa. Mpiga picha aliambiwa na kamati "awapendezeshe wamama". Mimi nimefutwa mistari ya paji la uso, nimeongezwa weupe, na limefutwa kovu langu la juu ya nyusi nililolipata utotoni nilipoteleza kwenye mawe ya Katonga. Nikaandika kwenye grupu kwamba nataka picha yangu halisi. Nikajibiwa "mama acha makuu, umetoka mtoto!" na vicheko vingi. Mpaka leo sijatumiwa.

Sijakataa urembo. Napaka wanja, najipaka hina, nasuka, navaa kitenge kilichoshonwa kikashoneka. Bibi zetu wa Ujiji walijipamba mpaka uzeeni, na hakuna aliyewaambia wamuombe mtu radhi kwa kuzeeka. Ninachokataa ni kuuziwa hofu, na kuuziwa sumu juu ya hiyo hofu.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Anayesema nina wivu na mabinti: nafundisha mabinti mwaka mzima, na baadhi yao wa kidato cha pili wameshaanza kupaka makopo haya ya mama zao, hilo nalo ni wivu? Anayesema nitaje duka: sitataja hapa, nitalitaja panapostahili na kopo nikiwa nalo mkononi. Dada aliyeandika kwamba amepaka miaka mingi na sasa anataka kuacha: usiache kwa kukisia, nenda hospitali wakuangalie ngozi, na wakupime figo, na beba kopo lenyewe uwaonyeshe. Kama lina steroidi, ukikatiza ghafla ngozi inaweza kulipuka vibaya, kwa hiyo waache wakupangie namna ya kushuka taratibu.

Ninachohitaji kutoka kwenu sasa ni kimoja. Kuna mtu wa mikoa yetu hii, Kigoma, Tabora au Katavi, aliyewahi kupeleka kipodozi kisicho na lebo TBS au kwa afisa afya wa manispaa na kikashughulikiwa? Ulianzia dirisha gani, ulidaiwa risiti, na duka lilifanywa nini? Kopo ninalo, ila dukani hawakutaka kuniandikia risiti.