Kijana wangu achukue AP au aanze chuo akiwa bado sekondari? Naombeni ushauri, muda umebana

mama_wa_zamu
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Nipo Ohio mwaka wa saba sasa, kwetu Morogoro. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 16, anamaliza gredi ya 10. Wiki ijayo tunakaa na mshauri wa shule kupanga masomo ya gredi ya 11, na mimi usingizi sina.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni AP (Advanced Placement), masomo ya kiwango cha chuo: anasoma palepale shuleni, Mei anafanya mtihani wa alama 1 mpaka 5, na vyuo vya umma vya Ohio vinampa krediti, yaani pointi za kuhesabia digrii, akipata kuanzia 3. Ya pili ni College Credit Plus: anasoma masomo ya chuo kabisa huku bado yuko sekondari. Chuo kikiwa cha umma hatulipi ada wala vitabu, na somo la krediti 3 sekondari wanalihesabu kama la mwaka mzima. Nimepiga hesabu. Krediti 15 kila muhula kwa miaka miwili ni krediti 60. Maana yake siku anavaa joho la sekondari anakuwa na digrii ya miaka miwili mkononi, na chuo kikuu inabaki miwili tu ya kulipia. Anataka udaktari.

Swali langu ni hilo tu, AP au chuo? Nawasilisha.

kamba_ya_mnazi
Chuo! Cha bure utakiachaje? Sisi huku tunahangaika na mkopo wa bodi, ninyi mnaletewa mpaka vitabu. Dada, kama kuna nafasi niunganishe, maboksi nabeba hata matatu kwa mpigo.

ngosha_minnesota
Mama, hongera kwa malezi. Hapa kwetu mpango kama huo unaitwa PSEO, upo tangu 1985, Minnesota ndio walioanza. Binti yangu aliupitia. Alikuwa anapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, baridi ile ya Januari ambayo ukitema mate yanaganda kabla hayajafika chini. Mimi nilikuwa namsubiri kituoni na chai ya tangawizi kwenye chupa. Sasa hivi yupo mwaka wa mwisho wa uhandisi na bado ananidai ile chupa, anasema ni yake. Ninachotaka kusema ni kwamba inawezekana.

mwl_mstaafu
Nimefundisha kemia Tanzania miaka 31. Kila mwaka kidato cha tano nilipokea wanafunzi wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) ambao PCB ilichaguliwa na baba. Unawajua siku ya kwanza tu: daftari safi, jina limeandikwa vizuri, macho yako dirishani. Mmoja alikuwa anachora ramani za mito pembeni ya kila ukurasa wa daftari lake la kemia. Nilimwita mzazi wake nikamwomba amhamishie HGL (historia, jiografia, lugha). Alinijibu kwamba hakumzaa mtoto ili akasome mito. Kijana alipata sifuri ya kemia, nami nadhani nilipaswa kubishana zaidi siku ile. Mama, umeeleza krediti vizuri sana. Kijana mwenyewe anasemaje?

mama_wa_zamu
Mwalimu, kijana anasema sawa. Ni mtoto mtulivu, hana maneno.

karani_usajili
Nafanya kazi ofisi ya usajili, chuo kimoja huku Marekani. Kabla watu hawajaendelea kukushauri nina swali. Ameshawahi kuchukua somo lolote la chuo? Ohio wanaruhusu kuanzia gredi ya 7, kwa hiyo wengi wakifika gredi ya 11 tayari wana rekodi.

mama_wa_zamu
Alijaribu kidogo. Lakini tubaki kwenye swali jamani, wiki ijayo ni karibu.

karani_usajili
Hilo ndilo swali lenyewe. Kidogo ni masomo mangapi, na alipata nini?

bi_chumvini
Dada jibu, karani anakusaidia.

mama_wa_zamu
Mawili, muhula wa vuli. Kemia D. Takwimu F.

Lakini sikilizeni. Yote mawili yalikuwa ya mtandaoni, na mwalimu wa Takwimu alikuwa akiandikiwa leo anajibu baada ya siku nne. Mtoto ana akili, darasa la nane alikuwa wa kwanza hesabu. Ndiyo maana nataka safari hii aende darasani, ana kwa ana, masomo matano, aoneshe uwezo wake. Fomu nimeshasaini. Na bibi yake Morogoro nimeshamwambia mjukuu anamaliza na digrii, ametangaza mpaka kanisani. Siwezi kurudi nyuma.

karani_usajili
Mama, nakuandikia pole pole ili tuelewane.

D na F zinamshusha chini ya wastani wa 2.0. Kwa kanuni za mpango wenu huyo yuko kwenye uangalizi. Muhula atakaorudi anaruhusiwa somo moja tu la chuo, tena lisiwe la fani aliyopata D au F. Kemia na Takwimu hazimo. Asipoupandisha wastani anaondolewa kwenye mpango. Hayo masomo matano uliyosaini hayatapita, mfumo utayakataa.

Halafu udaktari. Siku anaomba shule ya udaktari, fomu inataka rekodi ya kila somo la chuo alilowahi kusoma, pamoja na yale ya utotoni akiwa sekondari. F hiyo itaonekana. Akirudia somo akapata A, zote mbili zinahesabiwa. Na msaada wa serikali wa kulipia chuo, ule unaoombwa kwa fomu ya FAFSA, nao unaangalia maendeleo: vyuo vingi vinataka mwanafunzi awe amefaulu kama asilimia 67 ya krediti alizojaribu, na hizi za sasa zimo.

AP ni tofauti. Akipata 2 kwenye ule mtihani wa Mei, haiingii kwenye rekodi ya chuo chochote. Ada ya mtihani ni karibu dola 100, kipato kikiwa kidogo inapunguzwa.

bi_chumvini
Tatizo tunawakimbiza watoto. Kila kitu kina wakati wake. Mtoto wa miaka 15 anasoma chuo anatafuta nini? Mwacheni acheze mpira.

sina_upande
Samahani wadau, mimi naona tunanyweshwa chai hapa. Akaunti imefunguliwa jana. Na kuna sheria ya FERPA ya 1974: mtu akishaingia chuo, hata ana miaka 15, rekodi zake ni zake, chuo kwa kawaida hakimpi mzazi bila ruhusa yake. Sasa huyu mama alizionaje D na F, wakati mtoto "hana maneno"? Na hizi hesabu za krediti zimenyooka mno. Nadhani anayeandika hapa ni dogo mwenyewe, amejivika umama aone watu watasema nini kabla hajamwambia mamake.

kamba_ya_mnazi
Duh. Nimerudi kusoma upya toka juu. Inawezekana aisee.

ngosha_minnesota
Hata kama ni dogo, jibu la karani ni lilelile. Kijana, kama ni wewe, mwambie mama leo. Binti yangu alinificha ajali ya gari wiki mbili, na kilichoniuma zaidi ni zile wiki mbili.

sina_upande
Simlaumu. Nataka tu tujue tunaongea na nani.

mama_wa_zamu
Mimi ndiye mama. Ilikuja barua Februari. Haikutoka chuoni, ilitoka shule yake ya sekondari, inasema somo alilofeli wilaya inaweza kutudai gharama yake. Nimeificha kwenye kabati chini ya vitenge. Yeye hajui kama nimeiona. Mimi najua, naye anajua, na kila mtu anamnyamazia mwenzake, tunakula ugali mezani kama kawaida.

Hesabu za krediti nazipiga saa nane usiku kazini. Natunza wazee, naingia saa tano naondoka saa moja asubuhi. Nina wadogo zake wawili, mmoja ana miaka minne, mwingine miwili. Anayewalaza ni yeye. Akiamka mtu usiku, anayeamka naye ni yeye.

Hilo sikuliandika juu kwa sababu nilijua mtaliongelea hilo.

mwl_mstaafu
Mama, mimi sina cha kukulaumu. Mtoto aliyelea watoto wawili usiku mzima na bado akapata D ya kemia ya chuo, huyo kemia anaiweza.

karani_usajili
Barua usiilipe kwanza. Kama familia iko kwenye orodha ya kipato kidogo, kwa mfano mtoto anakula bure shuleni, sheria ya Ohio kwa kawaida inazuia wilaya kukudai. Muulize mshauri kwa maneno hayo hayo. Na fomu uliyosaini inaweza kufutwa, omba ifutwe kabla ya usajili.

sina_upande
Nimekosea mama. Samahani sana. Mimi nililelewa na kaka, nilipaswa kuelewa upesi.

kamba_ya_mnazi
Na yale maboksi sahau dada, nilikuwa natania tu. Pole.

mama_wa_zamu
Nimetoka kazini asubuhi hii nikaweka barua mezani karibu na kikombe chake. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema Takwimu alikuwa anaielewa, mtihani wa mwisho ulifunguliwa usiku ambao mdogo wake alikuwa na homa, dirisha la mtihani likafungwa saa sita akiwa anamkanda na kitambaa. Hakutaka nijue nisije nikaacha zamu.

Nimemuuliza anataka nini mwakani. Kasema AP ya Biolojia, moja, shuleni, mchana. Na kama naweza kuomba zamu ya mchana.

Zamu nimeshaomba. Bibi yake sijampigia bado.

Jumatatu saa nne nina miadi na mshauri.

karani_usajili
Nenda naye.