Mrejesho: nyuzi za plaiwudi kwenye bawa la ndege ya mbao

Wakuu, niliuliza plaiwudi inayofunika pua ya bawa (ukingo wake wa mbele) la ndege ya mbao, nyuzi zake zielekezwe vipi. Nilishaukata ubao nyuzi zikifuata urefu wa bawa, na wengi mkanikatalia: zilaze mshazari, digrii 45.

Nimepima hapa kibandani kwangu Mikindani. Visanduku viwili vya mita 1 kwa mfano wa pua ya bawa, kimoja nyuzi za urefu, kingine mshazari, plaiwudi ile ile ya milimita 3, gundi ile ile. Ncha moja nimeikaza mezani kwa bolti, nyingine nikaifunga mti wa mita 1 kwa kuukingamisha na kutundika ndoo ya maji ya lita 20 kwenye ncha ya mti, ili kisanduku kisokotwe. Kile cha nyuzi za urefu kilijipinda mpaka mti ukashuka shibiri nzima. Kile cha mshazari, vidole vitatu tu! Nilirudia mara tatu, sikuamini macho yangu.

Sasa nimeelewa. Bawa likisokotwa, plaiwudi inavutwa kwa mshazari huu na kubanwa kwa ule mwingine, na nyuzi za mbao zina nguvu pale zinapovutwa kwa urefu wake. Nilizipanga upande usio na kazi.

Gharama yake ni vipande vya pembetatu vinavyobaki kila ukikata, na kuikunja puani kulihitaji vitambaa vya maji ya moto.

Kwa aliyeuliza kama litaruka: hapana. Plaiwudi ya dukani ina mapengo katikati, hailingani na ya ndege. Hili ni la kujifunzia. Asanteni sana, mmeniokolea bawa zima.