Boksi la chuma la soketi: je, skrubu za soketi zinatosha kulifikishia ethi?

Muulizaji, Raskazone
Asalaam aleikum, ndugu mafundi. Ninakarabati nyumba ya marehemu baba hapa Tanga, na fundi wangu amefunga soketi mpya katika maboksi ya zamani ya chuma yaliyofukiwa ukutani. Waya wa ethi, yaani ule wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ameufunga kwenye soketi pekee, akieleza kuwa skrubu mbili zinazoishika soketi zimekwisha kuliunganisha boksi. Jirani yangu, naye fundi, anashikilia kwamba hilo ni kosa. Kanuni inasemaje hasa?

Fundi wa Ngamiani
Wa aleikum salaam, kaka. Kwa kanuni za Uingereza, BS 7671, ambazo wengi wetu tumezisomea, jambo la kwanza kuuliza ni ethi inafika kwa njia gani. Ikiwa paipu ni za chuma na zenyewe ndizo zinazobeba ethi, kifungu 543.2.7 kinataka waya wa pekee utoke kwenye soketi hadi kwenye boksi, na hapo jirani yako ana haki. Sababu ni kwamba ethi hufikia boksi kwanza. Ukilegeza soketi huku umeme ungalipo, soketi inabaki bila ethi. Ikiwa paipu ni za plastiki na ethi inaletwa na waya, mahali pake pa lazima ni kwenye soketi, na boksi lenye angalau sikio moja (kile kishikio chenye tundu la skrubu ya soketi) lisilocheza huhesabiwa kuwa limeungana kupitia skrubu. Hata hivyo, mimi huweka kipande cha waya kila mara.

Muulizaji, Raskazone
Ahsante, fundi. Paipu ni za plastiki, ila masikio ya maboksi yote yameliwa na kutu.

Mstaafu wa Chumbageni
Basi hoja ya fundi wako imekufa, mwanangu, kwa sababu inategemea chuma kugusana na chuma, na kutu haipitishi umeme vizuri. Chumvi ya bahari yetu haikuwamo akilini mwa walioandika kanuni hizo. Zima mein swichi, kisha pima kwa mita kati ya tundu la ethi la soketi na boksi. Usomaji ukirukaruka, usiuamini muungano huo.

Angalia pia kama una kikata umeme cha miliampia 30 (RCD), kinachozima umeme unapovuja kwenda ardhini. Nyumba ambayo ethi yake inategemea rodi yake yenyewe iliyochimbiwa ardhini, tuseme yenye ukinzani wa omu 20, ikipata hitilafu itapitisha ampia 11.5 tu kwa volti 230, na breka ya ampia 32 haitashtuka kabisa.

Muulizaji, Raskazone
Nimeelewa, mzee. Je, waya huo naweza kuubana chini ya skrubu ileile ya soketi?

Fundi wa Ngamiani
Hapana, kaka, kwa maana siku utakayoifungua soketi, na boksi litapoteza ethi. Tumia skrubu ya ethi iliyo ndani ya boksi. Lisipokuwa nayo, au ikiwa imeoza, badilisha boksi zima kabla hujapiga plasta.