Msaada: kuzima eth1 kunagandisha amri zote za mtandao

kitanzi_0
Wakuu, naombeni ushauri. Linux 6.1, draiva ya kadi ya mtandao iko nje ya kerneli kuu (kiini cha Linux). Nikiizima kadi hiyo (eth1) kwa `ip link set eth1 down` trafiki ikiwa nzito, amri haimalizi, na `kill -9` haifui dafu. Baadaye hata `ip addr` inaganda. dmesg (ujumbe wa kerneli): "blocked for more than 120 seconds". CPU imetulia kabisa. Nianzie wapi?

FundiKerneli
CPU ingekuwa inaungua ningeshuku spinlock (kufuli ambalo anayelingoja anazungusha CPU). Ikitulia hivyo, ni mutex (kufuli ambalo anayelingoja analala). Na kwa kuwa `ip addr` nayo imeganda, mutex yenyewe ni RTNL, inayolinda mipangilio ya interface zote. Ukiwa root, piga `echo w > /proc/sysrq-trigger`, kisha soma dmesg: utaona kila prosesi iliyo hali ya D (imelala, haiuliki) na ilipokwama. Tafuta mbili zinazongojeana.

kitanzi_0
`ip` imekwama kwenye `cancel_work_sync` (inafuta kazi ya nyuma na kungoja iishe) ndani ya ndo_stop (funksheni ya draiva ya kuzima kadi). Kuna kworker (prosesi ya kerneli ya kazi za nyuma) iko kwenye `rtnl_lock` (inaomba RTNL) ndani ya reset_work (kazi ya kuriseti kadi).

FundiKerneli
Umeshawakamata. ndo_stop huitwa RTNL ikiwa tayari imeshikwa. Inangoja reset_work imalize, na reset_work inangoja RTNL. Trafiki nzito inaleta tx timeout (kutuma kumechelewa mno), nayo ndiyo inayopanga reset_work.

Toa cancel kwenye ndo_stop. Ndani ya reset_work, ukishapata RTNL, kagua `netif_running()` (je, interface bado imewashwa?). Ikikataa, achia kufuli utoke. Cancel ihamie kwenye remove (funksheni ya kuiondoa kadi), baada ya `unregister_netdev()` (kuiondoa interface kwenye orodha) na kabla ya `free_netdev()` (kuachia kumbukumbu yake).

mawimbi
`rtnl_trylock` (kujaribu kufuli bila kungoja) si ingetosha?

FundiKerneli
Ikishindwa usipoipanga kazi upya, riseti imepotea na kadi inabaki imekufa. Mimi siipendi hapo.

Nanga_net
Kabla ya kusema umepona, jenga kerneli ya majaribio yenye `CONFIG_PROVE_LOCKING`. Hiyo inawasha Lockdep, kikaguzi cha kufuli cha kerneli. Lockdep haihitaji mkwamo utokee. Inatosha kila njia ipitiwe mara moja. Kwenye ripoti, `(work_completion)(&priv->reset_work)` itaorodheshwa kama kufuli. Usishangae, kuingoja kazi nako kunahesabiwa.

Angalizo: Lockdep ikitoa onyo moja inajizima hadi uwashe mashine upya. Onyo la draiva nyingine likitangulia, lako hutaliona. Tazama `debug_locks` kwenye /proc/lockdep_stats. Ikiwa 0, ukimya wake usikudanganye.